Hesabu ya nyumba chakavu huanzia mwisho

Ninapokwenda kuangalia nyumba chakavu, karatasi yangu huwa na namba moja tu iliyokwisha kuandikwa kabla sijafungua geti: bei ambayo nyumba hiyo itauzwa ikishakarabatiwa. Mengine yote, kuanzia paa hadi choo, nayajaza nikiwa ndani. Wengi hufanya kinyume. Huanza na bei ya muuzaji, wakaongeza gharama ya mafundi, wakaongeza faida wanayoitamani, kisha wakaomba Mungu soko liikubali jumla yao. Soko halina habari na jumla yako.

Mimi ni mkadiriaji wa gharama za ujenzi. Nilianza kwa kuwahesabia wengine mifuko ya saruji na mita za bomba, baadaye nikaingia mwenyewe: nanunua nyumba iliyochoka, naikarabati, nauza. Nimepata faida, nimepata hasara, na ipo moja niliyotoka nayo sare baada ya miezi kumi na moja ya kuamshwa na simu za mafundi.

Namba hiyo ya kwanza siipati kwenye matangazo, maana tangazo ni ombi la muuzaji tu. Natafuta nyumba zisizopungua tatu zilizouzwa kweli, za ukubwa unaokaribiana, mtaa uleule, ndani ya miezi sita iliyopita. Dalali akinitajia bei, namuuliza ni ya nyumba ipi na ililipwa lini. Nikiwa na shaka namlipa mthamini. Na kila mtaa una dari yake ya bei. Ukiweka jiko la kifahari kwenye mtaa wa nyumba za kawaida, mnunuzi atalisifia sana, kisha atakulipa bei ya jirani yako.

Tuiite bei hiyo 100, ili fedha ya nchi yoyote iingie humo. Gharama za kuuza, yaani kamisheni ya dalali, wakili na usafi wa mwisho, nazipa 5. Gharama za kununua, yaani upekuzi wa hati, wakili, uthamini na ushuru wa uhamisho, nazipa 4, ingawa ziko nchi ambako ushuru peke yake unafika hapo au kupita. Weka wa kwako. Kuishikilia nyumba kwa miezi 6, riba ya mkopo, bima, mlinzi, kodi ya jengo, umeme na maji, ni kama 1 kwa mwezi, jumla 6. Ukarabati tuseme 20. Faida 15. Ukivitoa vyote kwenye 100 unabaki na 50, na hapo ndipo bei yangu ya kununulia inapogota.

Wanaofanya biashara hii Marekani wana njia ya mkato waliyoipa jina la kanuni ya asilimia 70: chukua asilimia 70 ya bei ya mauzo, toa ukarabati, kinachobaki ndicho kikomo chako. 70 toa 20 ni 50, palepale nilipofika kwa njia ndefu. Mimi huitumia kuchuja nyumba kumi hadi zibaki mbili. Kusaini mkataba kwa kuitegemea hiyo peke yake, hapana.

Watu huiona faida ya 15 kuwa tamaa. Basi tuiharibu hesabu kidogo. Ukarabati ule 25 badala ya 20, kwa sababu paa lilikuwa bovu kuliko lilivyoonekana. Miezi 6 iwe 9. Soko lilegee kidogo, uuze kwa 95, na gharama za kuuza zishuke hadi 4.75. Toa hiyo 4.75, toa 4 ya kununua, 9 ya kushikilia, 25 ya mafundi na 50 uliyomlipa mwenye nyumba. Umebaki na 2.25, na kodi ya mapato bado haijabisha hodi. Hakuna balaa lililotokea hapo. Ni mambo matatu ya kawaida yaliyokutana kwenye nyumba moja, na kwa uzoefu wangu yana tabia ya kukutana.

Lililo baya zaidi katika hayo matatu ni miezi, kwa sababu haina risiti. Saruji ikipanda bei unaiona dukani. Wiki mbili za kumsubiri fundi dirisha huzioni popote, mpaka siku ya kujumlisha riba. Nikipanga miezi 6, kazi yenyewe nimeipa mitatu tu. Mmoja unaliwa na vibali na maandalizi, miwili ni ya kutafuta mnunuzi na kusubiri benki yake. Na tazama bima mapema: bima nyingi za nyumba hupunguza au huondoa kinga jengo likikaa tupu kupita muda fulani, mara nyingi siku 30 au 60. Nyumba tupu ndiyo inayoibiwa nyaya za shaba usiku. Omba bima ya jengo lililo kwenye ukarabati, kwa maandishi.

Sasa tuingie ndani. Huwa naanza na nyufa. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye lipu hazinitishi; lipu ikikauka husinyaa. Ninaosimama mbele yake ni ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari, mpana chini mwembamba juu au kinyume chake, hasa kama upo pia upande wa nje mahali palepale. Huo unasema upande mmoja wa msingi umeshuka. Swali ni kama umeshuka ukatulia, au bado unashuka. Nachora mstari kwa penseli kukatiza ufa, naandika tarehe pembeni, napima upana. Ukizidi milimita 5, simwiti fundi, namwita mhandisi. Kwenye nyumba moja fundi wangu aliutazama akacheka, "Bosi, hiki kiufa tu, tunakichimba, tunaziba na lipu, kimekwisha." Tulikichimba, tukaziba, tukapiga rangi. Ulirudi mwezi wa nne, palepale, siku mbili kabla ya mnunuzi kuja kuangalia.

Baada ya nyufa ni maji. Alama ya unyevu inayopanda kutoka chini na kuishia karibu mita moja juu ya sakafu, yenye unga mweupe wa chumvi, ni maji ya ardhini yanayonyonywa na ukuta. Rangi haiyazuii, yataibandua. Alama inayoshuka kutoka juu ni paa au mfereji wake. Alama iliyo peke yake katikati ya ukuta, ukigeuka ukakuta bafu upande wa pili, basi ni bomba. Tiba tatu tofauti, bei tatu zilizoachana mbali, na muuzaji atakuambia zote ni "mvua ya juzi".

Majitaka nayapima kwa ndoo. Nafungua kila chemba, namwaga ndoo nzima chooni, mtu mmoja anasimama kwenye chemba kuangalia maji yanavyofika. Yakija kwa mpigo na kupita, vizuri. Yakija polepole na kubaki yamesimama, bomba limeziba, limepasuka au limelala vibaya. Bomba la milimita 100 linahitaji mteremko wa kama sentimita 2 hivi kwa kila mita. Kulirekebisha maana yake ni kuvunja sakafu, na ukishavunja sakafu bajeti ya vigae uliyoandika jana ni hadithi.

Umeme sina maneno mengi: kama nyaya ni za zamani na hakuna waya wa ardhi, naandika wayaringi mpya nyumba nzima na kusonga mbele. Kenchi za paa nazichoma kwa bisibisi. Ncha ikizama kama kwenye mkate, mchwa au uozo umeshakula. Nyumba ya zamani ina mambo mawili zaidi ya kuyaheshimu. Rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Usizikwangue kavu ukazalisha vumbi. Mabamba mapana ya kuezekea ya saruji ya kijivu yanaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usiyakate, usiyatoboe, usimruhusu kijana wa saiti ayavunje kwa nyundo. Kuyaondoa kwa utaratibu ni gharama ya kuandikwa kwenye karatasi siku hiyohiyo.

Ukarabati siukadirii kwa jicho. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8 kina mzunguko wa mita 15, hivyo ukuta ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, baki na 38. Mikono miwili ya rangi ni 76, na lita moja kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10 hadi 12. Chumba kimoja kinataka lita 7, mbali na praima, yaani rangi ya msingi, na lipu mpya itakunywa zaidi. Vigae naongeza asilimia 10 kwa vinavyokatwa na kuvunjika, na navinunua vyote siku moja vyenye namba moja ya toleo, kwa sababu boksi la mwezi ujao linaweza kuja na rangi iliyopauka. Juu ya jumla yote naweka akiba ya dharura: asilimia 10 kwa nyumba niliyoikagua ikanionyesha kila kitu, 20 kwa nyumba ambayo dari na sakafu zimefunikwa.

Mafundi nawalipa kwa hatua iliyokamilika, kamwe si kwa wiki. Ukilipa kwa wiki umenunua wiki. Malipo ya awali yatoshe vifaa vya hatua ya kwanza tu, na asilimia 5 hadi 10 ya mwisho inabaki kwangu mpaka kasoro zirekebishwe. Kila kazi ya ziada inaandikwa na bei yake kabla ya kufanywa, hata kama ni kuhamisha soketi moja. Fundi mzuri hachukii hilo, anafurahi, kwa sababu naye keshadhulumiwa mara nyingi.

Mpangilio wa kazi niliufahamu kwa kuumia. Kwenye nyumba yangu ya pili nilikuwa na haraka, nikaruhusu vigae vya bafu vipandishwe ukutani kabla mabomba hayajajaribiwa. Kazi ilikuwa safi, mistari imenyooka. Wiki ya tatu ukuta wa korido, upande wa pili, ukaanza kuvimba. Kiungo kimoja cha bomba, kisichozidi urefu wa kidole, kilikuwa kinavuja tone kwa tone. Tulivunja vigae kumi na vinne kukifikia, na vya rangi ileile havikupatikana tena, hivyo tukavunja ukuta mzima. Tangu hapo mabomba yanajazwa maji kwa shinikizo na kuachwa saa 24 ukuta ukiwa wazi, na sakafu ya bafu ikishapakwa kizuia maji inafungwa tundu, inajazwa maji na kulala usiku mzima kabla ya kigae cha kwanza. Nawasikia mafundi wakinung'unika. Wanung'unike tu.

Kwa ujumla tunashuka kutoka paani: paa, kisha kuta na mabomba na nyaya, lipu, sakafu, rangi, na vitu vya kukwaruzika vinaingia mwisho. Kukausha hakuna njia ya mkato. Zege hupimwa nguvu yake kwa siku 28. Sakafu ya mchanga na saruji hukauka kama milimita 1 kwa siku, hivyo tabaka la milimita 50 linataka wiki saba hivi kabla ya kutandikwa mbao au zulia. Ukilifunika mapema, mbao zitainuka mnunuzi akiwa ameshahamia, naye atakuwa na namba yako ya simu.

Pesa ya kupendezesha naiweka jikoni, bafuni na kwenye kile mtu anachokiona anapofika: mlango wa mbele, taa, njia ya kuingilia. Dari za nakshi nimeshaacha. Nilikuwa nazipenda, zikanila fedha kwenye nyumba mbili, na sijawahi kumwona mnunuzi akiinua kichwa. Wanachofanya ni kufungua bomba, kuvuta maji ya choo na kusikiliza.

Kodi iulizie kabla hujanunua. Katika nchi nyingi anayenunua kwa nia ya kuuza haangaliwi kama mwenye nyumba aliyeamua kuhama, anahesabiwa kama mfanyabiashara, na viwango ni tofauti. Saa moja ya mtaalamu wa kodi huweza kubadilisha jina gani liandikwe kwenye hati. Tunza kila risiti. Ile isiyokuwepo, mkaguzi wa kodi atakuhesabia kuwa ni faida.

Wiki hii nina nyumba mezani. Mahali pazuri, ufa mmoja uliotulia, kenchi zinazohitaji kubadilishwa, wayaringi ya kutupa. Bei yangu ya mwisho ilitoka 47. Muuzaji anataka 55, na dalali ananipigia kila jioni kuniambia kuna mteja mwingine yuko njiani. Nimemwambia nimetoa 46, na simu ya mteja huyo akiipokea, amsalimie.