Shule ina C, ufaulu asilimia tisini: vinakaaje pamoja?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, simu yangu haipumziki. Safari hii swali halikuja kwa simu. Lilinikuta Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, nilipopita asubuhi kutafuta kitoweo.

"Mwangaluka, mwalimu. Hebu nisomee hii."

Ni mama ninayenunua dagaa kwake. Kwenye simu yake alikuwa amefungua ukurasa wa Baraza la Mitihani, shule ya mwanawe: idadi ya watahiniwa, wastani wa shule, daraja C. Kwenye kikao mwalimu mkuu aliwaambia wazazi kwamba shule imefaulisha asilimia tisini na kitu. Sasa C inatoka wapi?

Kazi yangu ni kuchambua matokeo ya shule za msingi huku kwetu, na naapa vikao vingi vya tathmini nilivyokaa havijauliza swali zuri kama hilo.

Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, jumla 300. Mtoto akifikisha 241 ana A, 181 ni B, 121 ni C. Chini ya 121 kuna D na E, na hao ndio wanaohesabiwa kuwa hawakufaulu. Kwa hiyo asilimia ya ufaulu inahesabu vichwa vilivyovuka 121, basi. Aliyevuka kwa alama moja na aliyevuka kwa mia wote ni kichwa kimoja kimoja. Darasa zima likijibanza kati ya 125 na 145, asilimia itapaa huku wastani ukibaki C ya chini. Mwalimu mkuu hakudanganya, ila alichagua namba inayopendeza.

Nikamwomba ateremke hadi namba ya mtahiniwa ya mwanawe. Kiswahili B, Uraia na Maadili B, Maarifa ya Jamii C, Sayansi C, Kiingereza E, Hisabati E. Wastani C. Amefaulu. Alama zenyewe hazionyeshwi, ni herufi tu, nikamchorea mfano nyuma ya karatasi ya kufungia dagaa: 38, 31, 30, 22, 9, 8. Jumlisha, 138. Mstari ameuvuka na chenji imebaki.

Hapo ndipo penye shida. Maswali mengi ya mtihani huu ni ya kuchagua, kila moja lina herufi tano, mtoto anaweka kivuli kwa penseli na mashine inasahihisha. Anayefumba macho na kubahatisha atapata wastani wa swali moja katika kila matano. Kwenye maswali 40 hayo ni manane. Kwa hiyo 8 ya Hisabati si "kajua kidogo". Inaweza kuwa hajui kitu na penseli imemsaidia. Na 9 ya Kiingereza inamfuata hadi Januari, kwa sababu kidato cha kwanza masomo mengi anafundishwa kwa lugha hiyo. Mtoto wa Misungwi au Kwimba aliyeingia darasa la kwanza na Kisukuma chake, akajifunza Kiswahili shuleni hadi akapata B, amefanya kazi kubwa. Kisha tunambadilishia lugha tena, na ile B iliyombeba haimbebi tena. Ndiyo maana mimi nikipewa matokeo ya shule, wastani wa jumla nauruka. Naanzia Hisabati na Kiingereza, nahesabu E.

Cha pili ninachotafuta hakimo kwenye ukurasa ule. Ni rejesta. Shule inaonyesha waliofanya mtihani, haionyeshi waliokuwa darasa la kwanza miaka sita kabla. Wengine wamehama, wengine wamekariri darasa, wengine wako kambi za uvuvi. Huku ziwani familia za wavuvi zinafuata samaki, leo Kome, kesho Ukara au Irugwa, na mtoto anafuata familia. Nimewahi kulaza rejesta ya mahudhurio ya shule moja ya kisiwani kando ya kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Nyakati za giza madawati yanapungua watu, maana asubuhi kuna dagaa wa kuanika. Mwezi ukijaa, darasa linajaa. Mwalimu wa Hisabati aliyefundisha mada ya sehemu, zile nusu na robo, katika siku za giza ameifundisha nusu ya darasa, na mtihani hautamuuliza mwezi ulikuwaje.

Tukipima shule kwa wastani peke yake tunaitia majaribuni. Kwenye mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, shule zilipangwa kwa nafasi na kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Watafiti waliofuatilia waliona shule za mkiani zikipandisha ufaulu kweli, lakini waliona pia baadhi ya wanafunzi wakizuiwa wasifike kwenye mtihani. Mtoto dhaifu asipokaa, wastani unapanda bila mtu kufundishwa chochote. Baraza liliposimamisha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, nilifurahi, ingawa kata na halmashauri bado zinapanga zao kwenye kuta za ofisi.

Shule ndogo nazo mtu asizipangie nafasi kabisa. Watahiniwa 18, wawili wakiugua siku ya mtihani au wawili wakiamka vizuri, ufaulu unayumba kwa pointi 11. Mwalimu mkuu anapongezwa mwaka huu, mwakani anaitwa kujieleza, na ufundishaji ni ule ule.

Mama alinisikiliza akipima vikombe vya wateja wengine. "Kwa hiyo wangu kafaulu ama hajafaulu?"

Kafaulu, nikamwambia, atapangiwa shule. Ila kabla ya Januari amtafutie mtu wa Kiingereza.

Akauliza hao wa Kiingereza wanatoza shilingi ngapi kwa wiki, na kama jioni wanafundisha, kwa sababu asubuhi anamhitaji kwenye kichanja.