"Pamebaki" na "paliachwa" kwenye picha sio kitu kimoja

Juzi nimelisikia tena hilo neno "pamebaki", safari hii kwa fundi wa fremu hapa Mtwara mjini. Jamaa kaleta mchoro wake wa Mikindani maji yamekupwa, mtumbwi mmoja chini kushoto, mstari mwembamba wa mikoko, kwingine kote karatasi nyeupe. Mtu wa pembeni anamwambia, "kaka huku juu pamebaki patupu, si ungeweka hata ndege". Mchoraji kanyamaza, mimi nikaumia.

Nafasi kwenye picha ya mandhari ni sehemu ambayo mchoraji ameiacha makusudi bila rangi ili iwe ukungu, maji, anga au umbali. Basi. Shida iko kwenye hilo neno "ameiacha". Wachina wanaita liubai, liu ni kuacha au kubakiza, bai ni nyeupe, yaani jina lenyewe ni kitendo, kuna mtu kaamua. Ukisema "pamebaki" umemtoa huyo mtu, ni kama rangi iliisha. Ma Yuan, mchoraji wa ikulu enzi za utawala wa Song huko China, alipewa jina la Ma wa Kona Moja kwa sababu alikuwa anabana milima na miti upande mmoja halafu kwingine anaachia. Na Hasegawa Tohaku wa Japani, karne ya 16, kachora misonobari kwa wino mtupu kwenye viwambo viwili vya kukunja, na ule ukungu unaouona katikati ya miti hajauchora, ni karatasi yenyewe. Waliokulia Newala wanaujua ukungu wa hivyo, ukisimama ukingoni asubuhi, bonde la Ruvuma lipo ila hulioni.

Afu neno letu lenyewe lina utajiri ambao hatuusikii. Nafasi limetoka kwenye Kiarabu nafas, pumzi. Na pumzi ya kwetu ndo ndugu yake pumua na pumzika. Kwa hiyo mtu akisema picha ina nafasi anasema ina mahali pa jicho kuvuta pumzi, na hapo ndo unapoanza kutafakari, maana picha iliyojaa mpaka kwenye fremu inakupitisha mbio tu.

Yule mtu wa pembeni hakuwa na nia mbaya, najua. Ila siku nyingine sema "hapa umepaacha", afu muulize kaacha nini. Pale juu ni mchanga na maji na anga, na asubuhi ya bamvua ukisimama Mikindani huwezi kuonyesha kipi kinaishia wapi.