Kuwapeleka abiria wa meli kwa mbega wa Diani

Meli ya kitalii ikitia nanga Kilindini, bandari ya Mombasa, na wageni wakitaka kwenda Diani, pwani ya kusini, kinachobana ni saa, si umbali. Piga hesabu kuanzia mwisho. Ikiondoka saa kumi na moja jioni, abiria kwa kawaida hutakiwa ndani nusu saa hadi saa moja kabla. Basi gari liwe getini saa tisa, na Diani mtoke saa saba. Feri ya Likoni ndiyo huvuruga hesabu: chombo kimoja kikiharibika, foleni ya magari haisogei. Dongo Kundu, barabara isiyopita kwenye feri, inazunguka, lakini haina cha kusubiri. Kwa safari ya kurudi mimi siyumbi, ni Dongo Kundu.

Asubuhi nayo msilale. Mbega hula majani, na tumbo lake lenye vyumba huyachachusha polepole, kwa hiyo adhuhuri hujipumzikia tu matawini. Hapo ndipo mgeni huchomoa ndizi ili amwite. Mzuie. Sukari ya tunda bivu huchacha upesi mno kwenye tumbo lile, asidi huzidi, mnyama huvimbiwa na anaweza kufa.

Colobus Conservation, kituo kilichoanzishwa Diani mwaka 1997, huokoa mbega, kima, tumbili na nyani. Wekeni nafasi mapema, na wageni waambiwe kabla ya kupanda gari: hakuna kupakata kitoto, na walio kwenye matibabu huenda wasionekane kabisa. Baadhi watanuna, wacha wanune. Tumbili aliyezoea mikono ya watu akirudishwa msituni atashuka kwenye majiko ya watu na kupigwa mawe. Mafua yetu pia huwapata, hivyo anayekohoa abaki melini.

Cha kuonyesha kiko barabarani. Tazameni juu: ngazi zimelazwa kutoka mti hadi mti, mbega wavuke bila kugongwa. Pembeni yake kuna nyaya za umeme. Akishika mbili kwa pamoja, au waya na nguzo, umeme humpitia mwilini. Viganja na mkia huungua vibaya. Kinga ni kupogoa matawi yaliyosogelea nyaya na kuzivika nyaya plastiki, ila mvua ikinyesha matawi huchipua na kazi huanza upya.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje mpaka mfike melini.