Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

"Mwalimu, sasa hapa mwovu ni nani?"

Swali hili halikosi kila muhula. Mwaka huu liliulizwa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, tumebanana kwenye benchi la mbao tukimsubiri samaki, mbuta, akaangwe. Nafundisha fasihi hapa Kisumu, na tukifika kwenye bunilizi ya kisayansi huwa nawatoa wanafunzi darasani. Mambo ya sayari za mbali ndani ya chumba chenye ubao na chaki hugeuka haraka kuwa maswali ya mtihani.

Aliyeuliza alikuwa amemaliza kusoma Dawn, riwaya ya Octavia Butler ya mwaka 1987, na alikuwa na hasira nayo. Nikamwambia tutairudia, tuanze kwanza na kesi nyepesi.

Kesi nyepesi ni H. G. Wells. Katika The War of the Worlds, ya 1898, viumbe wa Mirihi wanatua Uingereza, wanachoma watu kwa miale ya joto, wanawanyonya damu, kisha wanauawa na vijidudu ambavyo hakuna aliyevifikiria. Waovu, basi? Subiri. Katika sura ya kwanza kabisa msimulizi anawaomba wasomaji wasiwahukumu kwa haraka, wakumbuke jinsi Wazungu walivyowafutilia mbali wenyeji wa Tasmania kwa muda wa miaka hamsini. Hapo huwasimamisha wanafunzi wangu. Someni tena, polepole. Anasema waliangamizwa ingawa walifanana na binadamu. Walifanana! Hata anapowatetea, anawaacha nje ya mlango. (Na amekosea: vizazi vya watu hao wapo mpaka leo.)

Kitabu hicho kilipokuwa kinatoka London, reli ilikuwa njiani kuja kwetu. Ilifika hapa ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Wanandi walikwisha kuonywa na orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Kimnyole, kuhusu nyoka wa chuma atakayekuja akitema moshi. Nyoka alipofika, walikata waya za telegrafu wakajitengenezea bangili. Kwenye ripoti za Waingereza huo ni wizi. Isimulie ukiwa upande wa pili: mtambo wa ajabu umepita katikati ya malisho yako bila hodi, na mkeo amevaa kipande chake mkononi.

Halafu Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akaenda kukutana na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi. Afisa alidai yeye ndiye aliyetegewa mtego. Alichunguzwa mara tatu na mara tatu akaondolewa lawama. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kwenye insha kwamba huu ni "utata wa kimaadili". Nilimkata alama. Upande mmoja ulikuwa na shajara na bunduki, wa pili umezikwa. Kutoisikia sauti ya pili hakuifanyi kesi kuwa ngumu.

Ugumu wenyewe unaanza kwa Butler. Vita vya nyuklia vimeiteketeza dunia. Lilith anaamka ndani ya merikebu ya Waoankali, viumbe wenye minyiri iliyowaota mwili mzima. Wamewaokoa binadamu waliosalia na wanaiponya dunia yenyewe. Lilith anakuta kovu ambalo hakuwa nalo: alikuwa na saratani, wameiondoa akiwa usingizini. Hakuombwa ruhusa. Nao wana bei. Maisha yao ni kubadilishana chembe za urithi na kila jamii wanayoikuta, kwa hiyo watoto wa Lilith hawatakuwa binadamu kamili, na bila Waoankali binadamu hawatazaa kabisa.

Sasa mwite nani mwovu. Hawasemi uongo, angalau si sana. Hawana chuki. Tena wanachosema kuhusu sisi, kwamba tuna akili nyingi na papo hapo tunapenda kukaliana vichwani, na kwamba viwili hivyo vikikutana vitatuua, sijui ningewajibu nini. Msomaji akijaribu kuwachukia anakumbuka lile kovu, na akijaribu kuwashukuru analikumbuka vilevile.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu neno mgeni halichagui. Shangazi aliyebisha hodi na kuku kwapani ni mgeni, mtu asiyejulikana atokako ni mgeni, na wa minyiri naye ni mgeni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," tunasema, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza mwenyeji huponywa nini, na kwa malipo gani. Katama Mkangi naye alicheza na lugha hivyo hivyo: riwaya yake ya 1995 inayompeleka mhusika sayari nyingine aliiita Walenisi. Litamke jina polepole.

Kinachoniudhi ni waandishi wanaofika kwenye ugumu huu wakaukimbia kwa kusema pande zote zina makosa, basi yaishe. Butler hakimbii. Anaandika hesabu yote, alichopewa Lilith na alichonyang'anywa, na hajumlishi.

Samaki akaja. Nikawaambia wamtazame vizuri kabla ya kumvunja, maana huyu naye ni mgeni. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950. Hukua hadi mita 2 na kilo 200, na alipozagaa miaka ya 1980 aliwala fulu, wale samaki wadogo wa asili, hata aina nyingi mno zikatoweka. Huyohuyo alileta viwanda, mishahara na malori ya barafu. Minofu ikaenda Ulaya. Mifupa yenye vinyama vilivyosalia, mgongo wazi, ikabaki kwetu, na ikalisha mitaa mizima.

Yule mwenye hasira akaacha kula. Akamgeukia mama aliyekuwa anatukaangia, mtu mzima wa kulea wajukuu, akamuuliza kwa heshima: "Mama, ungekuwa na uwezo, ungeacha mbuta aletwe?"

Mama aligeuza kipande kwenye karai, akakiangalia. Alisema fulu alikuwa akiwaanika na mamake juu ya mawe, na ladha ile hajaionja tena. Alisema pia watoto wake wanne wamesoma kwa mbuta.

"Kwa hiyo, mama?"

"Kwa hiyo usiniulize hayo mafuta yakiwa motoni."