Picha Dhahania na Mazingira ya Mchoraji

Wapo wengi Kigoma, kama kwingineko, wanaoamini kwamba mchoraji wa picha dhahania, yaani picha zisizoonyesha mtu, mti wala nyumba inayotambulika, hupaka rangi kwa kubahatisha bila kutazama chochote kinachomzunguka. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa jicho lililozoea kutafuta sura likiikosa hudhani hakuna kitu.

Hata hivyo, tangu uchoraji huu ushike kasi Ulaya katika miaka ya 1910, wachoraji wake wengi wameanzia kwenye vitu walivyoviona kwa macho, kwa mfano mti uliochorwa tena na tena, kila mara ukipunguzwa, hadi ikabaki mistari tu. Wapo pia wanaoanzia kwenye muziki au kwenye rangi yenyewe.

Anayetaka kuhakiki atoboe tundu dogo kwenye kipande cha boksi, kisha aende Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapo Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, asubuhi dagaa wanapoanikwa, achungulie kwa karibu. Ataona vijistari vya rangi ya fedha vikipishana juu ya mchanga, kivuli cha wavu kikivikata, na hakuna samaki hata mmoja anayeonekana mzima. Akiligeuzia ziwani, atapata tabaka la buluu na jingine la kijivu, pale milima ya Kongo inapofifia ndani ya ukungu. Hiyo tayari ni picha dhahania, na kwangu mimi ni nzuri mno. Akikutana na mchoraji, amwombe daftari la michoro ya awali, kwani mara nyingi chanzo huonekana humo.