Jina la shamba: anwani iliyogeuka ukoo

Katika makaburi ya makanisa makongwe ya Kilutheri kusini mwa Minnesota, Marekani, si ajabu kukuta ndugu watatu wa baba mmoja mama mmoja wamezikwa hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwenzake, na kila jiwe lina jina lake la ukoo: Larson, Haugen, Hill. Hakuna aliyewakana wazazi wala aliyeasiliwa. Wote ni watoto wa mtu mmoja aitwaye Lars, na majina yote matatu ni halali. Mjukuu anayetafuta nasaba kwa kushikilia jina moja atampata ndugu mmoja na kuwapoteza wawili. Akivuka bahari kurudi Norwei, kuna hatari ampoteze hata yule mmoja.

Kinachomchanganya ni kile ambacho Wanorwei hukiita gårdsnavn, jina la shamba.

Mnorwei wa kijijini wa karne ya 18 na 19 alitajwa kwa vipande vitatu. Cha kwanza ni jina la ubatizo. Cha pili ni jina la baba, likimaliziwa kwa -sen kwa mwanamume na -datter kwa mwanamke. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa: Ole Larsen ni Ole bin Lars, na Kari Larsdatter ni Kari binti Lars. Kari akiolewa hakubadili kitu. Alibaki binti Lars hadi kaburini, kwa sababu ndoa haikumbadilisha baba. Na watoto wa Ole hawakuitwa Larsen. Waliitwa Olsen na Olsdatter. Jina la pili liligeuka kila kizazi.

Kipande cha tatu ndicho chenye mtego. Ole Larsen Bakken ni Ole bin Lars wa shamba la Bakken. Mtu wa leo akiona neno hilo mwishoni hudhani ni jina la ukoo, lakini lilikuwa anwani. Ole akihamia shamba la Moen, anaandikwa Ole Larsen Moen. Mwanamume akioa binti anayerithi shamba na kuhamia kwake, anachukua jina la shamba la mkewe. Hata mtumishi wa kazi za ndani, aliyekaa kwenye shamba miaka miwili tu, angeweza kuandikwa kwa jina la shamba hilo. Utaratibu huu ulidumu kisheria hadi 1923, Norwei ilipotunga sheria iliyotaka kila familia ishike jina moja la kudumu.

Majina yenyewe ni ya mandhari. Bakken ni mteremko, Haugen ni kilima, Dal ni bonde, Moen ni uwanda wa mchanga. Ndiyo maana yamejaa nchi nzima. Kusema "babu yetu alitoka Haugen" ni sawa na mtu akuambie kwao ni Mlimani. Mlimani ya wapi? Bila jina la parokia, huna chochote mkononi. Profesa Oluf Rygh alifanya kazi kubwa ya kukusanya majina ya mashamba ya Norwei mkoa kwa mkoa, na orodha yake ilianza kuchapishwa 1897. Mtafutaji yeyote wa nasaba za Kinorwei huishia kuifungua, na mara nyingi huifunga akiwa na Haugen nyingi kuliko alizoanza nazo.

Tumfuate sasa huyo Lars. Ni mtu wa kubuni, lakini yote yaliyompata yalikuwa ya kawaida. Alizaliwa 1841 shamba la Bakken, baba yake Ole. Alipooa hakuwa na ardhi, akapewa kipande kwenye shamba la Haugen ajenge kibanda na kulima, huku akilipa kwa siku za kazi kwa mwenye shamba. Wanorwei walimwita mtu wa namna hiyo husmann. Mkenya atamtambua haraka kama skwota. Sensa ya 1865 inamkuta hapo: Lars Olsen, husmann, Haugen, pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Sensa hiyo iliandika hadi mifugo na mbegu zilizopandwa, kwa hiyo unaweza kuona kwamba alikuwa na ng'ombe mmoja, kondoo watatu na pipa la viazi vya mbegu. Mstari huo mmoja unakueleza kwa nini aliondoka.

Wanorwei walianza kwenda Marekani kwa makundi 1825, jahazi Restauration lilipotoka Stavanger na watu 52 na kufika New York na 53, maana mtoto alizaliwa njiani. Katika miaka 100 iliyofuata walihama zaidi ya 800,000. Lars anaondoka 1868. Kwenye daftari la mchungaji kuna safu ya waliohama parokia: jina, umri, shamba analotoka, na mahali aendako, ambapo mara nyingi pameandikwa "Amerika" tu. Hapo yeye ni Lars Olsen Haugen. Sensa ya Marekani ya 1870 inamwita Lewis Olson. Sensa ya jimbo la Minnesota ya 1875 inasema Lars Oleson. Ile ya 1885 inasema Lars Haugen. Ni mtu yule yule kwenye ardhi ile ile.

Kuna hadithi inayopendwa sana Marekani kwamba majina yalibadilishwa na karani wa uhamiaji aliyeshindwa kuyatamka pale Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York. Ni tamu, lakini si ya kweli. Ellis Island ilifunguliwa 1892, wakati Lars alikuwa ameshalima kwa zaidi ya miaka 20, na wengi wa Wanorwei wa miaka ya 1850 na 1860 hawakushukia New York kabisa bali Quebec, Kanada. Isitoshe, makarani hawakuwa wakibuni majina. Walilinganisha abiria na orodha iliyoandikwa na kampuni ya meli.

Majina yalibadilika polepole, nyumbani, kwa sababu za kawaida kabisa. Mwalimu wa shule alitaka jina la mwisho moja kwa watoto wote. Posta ilikuwa na Ole Olson sita katika kata moja, na barua zikapotea. Herufi kama ø hazikuwamo kwenye mashine ya chapa, hivyo Bø ikawa Boe, na Kvam ikaandikwa Quam. Wengine walitafsiri tu: Haugen ikawa Hill. Kwa hiyo watoto wa Lars waliamua kila mmoja kivyake. Ole, mkubwa, alibaki bin Lars: Larson. Anders alichukua shamba: Haugen. Peder, aliyezaliwa Minnesota na kufungua duka mjini, akajiita Peter Hill.

Mtanzania aliyewahi kujaza fomu za Marekani anaijua hali hii. Neema Juma Hamisi anafika pale na kuanza kuitwa Bi Hamisi, jina la babu yake, na watoto wake nao wanakuwa akina Hamisi. Dadake aliyetangulia, na fomu yake ikaishia kwenye Juma, ni Bi Juma. Vizazi viwili baadaye, nani atajua kwamba hao ni ndugu?

Hapo ndipo rekodi za ardhi zinapookoa, na kwangu mimi ndizo tamu kuliko zote. Sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mkuu wa familia, au yeyote aliyetimiza miaka 21, ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo. Masharti yalikuwa kuishi pale miaka 5, kujenga na kulima. Mgeni aliruhusiwa kuanza akiwa ametangaza tu nia ya kuwa raia, lakini hati ya mwisho haikutolewa hadi awe raia kamili. Matokeo yake, jalada la Lars kwenye hifadhi ya taifa lina karatasi zake za uraia ndani yake. Lina pia ushahidi wake mwenyewe na wa majirani wawili: nyumba ya magogo ya ukubwa gani, ina madirisha mangapi, zizi, kisima, ekari ngapi zimevunjwa kwa plau, alihamia mwezi gani, ana watoto wangapi. Majirani hao mara nyingi ni shemeji au mtu wa parokia moja ya nyumbani, kwa hiyo majina yao nayo ni ya kuandikwa pembeni.

Na ikiwa alianza dai kama Lars Olson mwaka 1872 akalimaliza kama Lars O. Haugen, ofisi ya ardhi ilishtuka. Ikamtaka alete kiapo kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Karatasi hiyo ya mistari michache, iliyoandikwa kwa ajili ya karani mwenye wasiwasi, ndiyo daraja ambalo mjukuu amekuwa akilitafuta miaka yote.

Ukifika kwenye karatasi za uraia, usibabaike ukiona Lars anamkana "Mfalme wa Sweden na Norwei". Nchi hizo zilikuwa chini ya mfalme mmoja kuanzia 1814 hadi 1905. Kuna watu wamepoteza miezi wakimtafuta babu yao Sweden kwa sababu ya sentensi hiyo.

Neno waanzilishi, ambalo vizazi vya wakulima hawa hujiita kwa fahari, linahitaji jicho la pili, hasa kwetu tuliokua tukilisikia neno setla. Ardhi ya kusini mwa Minnesota ilikuwa ya watu wa Dakota. Waliisaini mikononi mwa serikali kwa mikataba ya 1851 chini ya shinikizo kubwa, wakapigana 1862, na mwaka uliofuata wakafukuzwa jimboni. Hatimiliki ya Lars inaanza na jina lake kana kwamba hapo kabla hapakuwa na mtu. Katika rekodi, pengo hilo nalo ni taarifa.

Pengo jingine ni la moto. Sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika karibu yote katika moto wa Januari 1921 mjini Washington. Kwa familia za Minnesota hasara inapungua, kwa kuwa jimbo lilihesabu watu wake 1885 na tena 1895.

Jina la ubatizo lenyewe nalo linasema. Wanorwei walikuwa na desturi ambayo Mkikuyu ataitambua papo hapo: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Lars ana Ole kisha Anders. Basi baba yake Lars bila shaka ni Ole, na mkwewe huenda ni Anders. Si uthibitisho, lakini ukikuta familia mbili zinazofanana kwenye daftari, mpangilio huo unakuambia uanze na ipi.

Wapo mashuhuri waliopita njia hii. Knute Nelson, gavana wa Minnesota 1893 hadi 1895 na kisha seneta hadi kifo chake 1923, alizaliwa Evanger, karibu na Voss huko Norwei, na akiwa mtoto aliitwa Knud Evanger. Nelson ni jina la Nils, baba yake wa kambo. Anayetafuta damu ya gavana huyo kwa jina la Nelson anamtafuta mtu mwingine. Mwanauchumi Thorstein Veblen ni mwana wa Thomas Anderson Veblen, mkulima aliyetoka Valdres 1847. Veblen ni shamba kule, Anderson ni bin Anders, baba yake Thomas. Na Walter Mondale, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani chini ya Jimmy Carter, alibeba jina la Mundal, kijiji cha Fjærland huko Norwei.

Mjukuu wa Lars, basi, afanyeje? Arudi nyuma hatua kwa hatua, akiuliza kila karatasi "aliishi wapi?" kabla ya kuuliza "aliitwa nani?". Kitabu cha kanisa la Kinorwei la Minnesota ni muhimu kuliko sensa, kwa kuwa mchungaji alijua Kinorwei na aghalabu aliandika parokia ya kuzaliwa. Akishaipata parokia, Digitalarkivet, hifadhi ya Norwei mtandaoni, itampa madaftari yenyewe bila malipo. Atahitaji subira na mwandiko wa kigothi, ambao mwanzoni unafanana na nyayo za kuku.

Atafungua ubatizo wa 1841 na kutafuta Lars wa Haugen. Hayupo. Wengi hukata tamaa hapa, au vibaya zaidi, humchukua Lars mwingine. Dawa ni kwenda kwenye daftari la kipaimara, karibu 1856. Kwenye kipaimara mchungaji aliandika tarehe ya kuzaliwa, wazazi, makao, na hata siku kijana alipochanjwa ndui, maana bila chanjo hakupokelewa. Mstari unasomeka Lars Olsen, baba Ole, tarehe inalingana na ile iliyo kwenye jiwe la Minnesota. Kwenye safu ya makao pameandikwa Bakken, jina ambalo hakuna hata mmoja wa wanawe aliyelibeba.