Acheni kutafuta karo ya uzamili ili muombe PhD ya ubongo Marekani

Haipiti wiki kabla mwanafunzi wa Maseno, Egerton au Moi hajaniambia anatafuta karo ya uzamili, ndipo aombe PhD ya sayansi ya ubongo Marekani. Wengine wameambiwa kwamba asiyesomea udaktari wa tiba asijisumbue kabisa. Imani hizi mbili zinawala vijana wetu miaka na pesa, na zote si za kweli.

Zinakotoka napaelewa. Kwetu Kenya uzamili ndio mlango wa PhD, na kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zinataka angalau miaka mitatu ya masomo na makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Marekani mambo ni tofauti. Programu nyingi za niurosayansi, yaani sayansi ya ubongo na neva, zinachukua mwenye digrii ya kwanza moja kwa moja, iwe ya biolojia, saikolojia, kemia, fizikia, hisabati au uhandisi. Programu inakulipia karo, inakupa posho ya kujikimu na bima ya afya. Ukija na uzamili haikudhuru kitu, ila mara nyingi haikupunguzii muda: ni miaka mitano hadi sita vilevile.

Kinachopimwa ni kama umewahi kufanya utafiti. Barua ya mapendekezo ya mwalimu inayosema una nidhamu na hukosi darasani haikusaidii. Inayokusaidia ni ile inayoeleza ulijaribu swali gani, kipimo gani kilikataa na ukafanya nini kilipokataa. Mwaka mmoja wa usaidizi wa utafiti mahali kama KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kenya) pale Kisian, Kisumu, hata kama kazi ni ya malaria na si ya ubongo, una uzito kuliko cheti cha pili, mradi uweze kuitetea data yako mwenyewe.

Mwaka wa kwanza una masomo ya msingi: seli na molekuli, mifumo ya neva, anatomia ya ubongo, takwimu, maadili ya utafiti. Hayo utayamudu. Penye uzito ni mizunguko ya maabara, yaani kufanya kazi kwa muda katika maabara tofauti, kwa kawaida mitatu, kila mmoja wiki nane hadi kumi, ambayo ndiyo inakupa msimamizi. Wengi huchagua kwa ukubwa wa jina la profesa. Uliza ana fedha za utafiti za miaka mingapi mbele, wanafunzi wake waliopita walichukua muda gani kumaliza, na nani hasa atakaa nawe kwenye hadubini akufundishe kurekodi niuroni, yaani seli za neva. Waulize hasa walioondoka.

Mwaka wa pili ndio wa mtihani wa kufuzu, unaoamua kama utaendelea na tasnifu, na hapa sitaharakisha. Programu nyingi zinakutaka uandike pendekezo la utafiti kwa mtindo wa ombi la F31, ruzuku ya wanafunzi wa PhD inayotolewa na NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani): ukurasa mmoja wa malengo, kurasa sita za mkakati, kisha unalitetea kwa mdomo. (Ruzuku yenyewe ni ya raia na wakaazi wa kudumu, mwenye viza ya mwanafunzi anatumia muundo tu.) Kosa la kwanza ni kulifanya lengo la pili litegemee la kwanza kufaulu. La kwanza likianguka, pendekezo zima limekwisha, na kamati italiona hilo kabla hujafungua mdomo.

Kosa la pili ni n, yaani idadi ya sampuli huru unazodai kuwa nazo. Umewapa panya watatu dawa na watatu maji ya chumvi, ukarekodi niuroni kumi kwa kila panya, ukaandika n = 30 kwa kila kundi. Hapana. Dawa alipewa panya, kwa hiyo n ni 3. Niuroni kumi za panya mmoja zinashiriki mwili mmoja, upasuaji mmoja, na mara nyingi siku moja na mikono ileile, kwa hiyo zinafanana kuliko za panya wawili tofauti. Ukizihesabu kama thelathini huru, unapata tofauti ambazo huenda hazipo. Chukua wastani wa kila panya, au tumia modeli mseto, hesabu ya takwimu inayotambua niuroni ipi ni ya panya yupi, na uiandike kabla ya kukusanya data. Dawa ikimwagwa kwenye kipande cha ubongo ndani ya sahani, hapo kipande kinaweza kuwa ndicho kinachohesabiwa kwenye n, lakini vipande vya panya mmoja bado ni ndugu, na uchambuzi lazima uonyeshe hivyo.

Hata hivyo sishawishiki kwamba mtihani huu unamtambua mtafiti mzuri. Unamtambua anayejua kujieleza, na hao wawili si lazima wawe mtu mmoja.

Ukishafuzu unabaki na kamati ya watu wanne au watano. Wengi wanakutana nayo mara moja kwa mwaka. Wewe omba kila miezi sita. Idadi ya majaribio yanayotosha tasnifu haijaandikwa popote, na bahati ina nafasi kubwa kuliko tunavyokiri. Panya hubeba mimba wiki tatu hivi na huhitaji wiki sita hadi nane kukomaa. Mradi unaotaka vizazi vitatu vya kuchanganya jeni unamaliza zaidi ya nusu mwaka kabla ya rekodi ya kwanza.

Kama data yako itatoka kwa wagonjwa wa Kisumu au Kakamega, kibali cha maadili cha chuo cha Marekani hakitoshi. Unahitaji kamati ya maadili ya hapa, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), na mkataba wa kuhamisha sampuli kama zinatoka nchini.

Maombi mengi hufungwa kati ya tarehe 1 na 15 Desemba, mahojiano ni Januari na Februari, na jibu lako kwa kawaida linatakiwa kufikia tarehe 15 Aprili. Waombe barua walimu watatu mwezi wa Septemba. Kuhusu ada ya maombi, iandikie ofisi ya programu uombe usamehewe kabla hujalipa, kwa sababu ukishalipa hairudi.